Vidonge vya Usingizi na Kuviacha kwa Daraja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia usiku wa kupumzikia na mchana wa kutafutia riziki, na rehema na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Limeletwa katika darsa yetu suali ambalo twaona lafaa lijibiwe kwa maandishi, kwani wenye haja nalo ni wengi kuliko wenye kuthubutu kuliuliza. Mtu aliandikiwa na daktari vidonge vya kumtuliza wasiwasi, au vya kumpatia usingizi, akaendelea navyo mwaka baada ya mwaka hata ikawa jicho halifumbi ila kwa kidonge. Sasa ameazimu kuviacha. Je, yampasa avitupe siku ile ile aliyoazimu, kama mlevi aliyetubia avunjavyo chupa yake? Na muulizaji ameongeza ya kwamba amesikia barazani ikisemwa kuwa Muislamu wa kweli huvitupa akategemea kwa Mola wake, na kwamba kupunguza kidogo kidogo ni udhaifu wa imani.

Jawabu letu ni kuwa asivitupe. Kuviacha kwa ghafula baada ya mazoea marefu kwaweza kumtia mtu kifafa, na kifafa hicho kimepata kuua. Neno hili hatulisemi kwa kukisia, wala si la kuwatetea wauza dawa. Ni jambo lililothibiti kwa matabibu, na sharia yetu ina msimamo wake juu yake tangu karne nyingi, kama tutakavyoona.

Kwanza ifahamike tunazungumza dawa gani. Mwaka 1960 kampuni ya Hoffmann-La Roche ilitoa sokoni dawa iitwayo Librium, na mwaka 1963 ikatoa ya pili, Valium, ambayo jina lake la kitabibu ni diazepamu. Aliyezigundua ni mwanakemia Leo Sternbach, aliyekuwa akifanya kazi Nutley, katika jimbo la New Jersey huko Marekani. Dawa zilizokuwako kabla yake, zile za jamii ya babitureti, zilikuwa zikiua watu upesi wakizidisha kipimo, kwa hivyo hizi mpya zilipokewa kwa furaha kubwa, zikadhaniwa hazina madhara. Zikazaa ndugu wengi: lorazepamu, nitrazepamu, klonazepamu, bromazepamu, alprazolamu, na jamii yao yote yaitwa benzodiazepini. Baadaye zikaja binamu zake za usingizi, zolpidemu na zopikloni, ambazo nazo tabia zake si mbali na hizo.

Furaha ile haikudumu. Kufika mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza iliwaagiza madaktari wasizidishe baina ya wiki mbili na wiki nne katika kuwaandikia watu dawa hizi. Na mwezi wa Septemba 2020 idara ya dawa ya Marekani ikaamuru kila benzodiazepini ibandikwe onyo lake kubwa kabisa, kwamba zaweza kumfanya mtu mtumwa wake hata akizimeza kama alivyoagizwa, na kwamba kuziacha au kuzipunguza kwa haraka kwaweza kuleta khatari ya mauti. Itizame vyema khabari hii, ewe ndugu. Miaka thelathini na mbili ilipita baina ya agizo lile na onyo hili, na katika muda huo ni wangapi waliomeza mwaka baada ya mwaka, hapana aliyewaambia kitu? Basi tusiwe wepesi wa kumhukumu mama mzima aliyepewa kidonge siku alipofiwa na mumewe, akaambiwa, “Chukua hiki kikusaidie,” wala asiambiwe lini aache.

Na hapa kwetu pwani pana ubaya mwengine. Kwa sharia ya nchi dawa hizi haziuzwi ila kwa cheti cha daktari. Lakini nani asiyejua kwamba yako maduka ambayo mtu huingia na shilingi zake akatoka na karatasi ya vidonge, wala haulizwi jina? Na vijana wetu huvitafuta kwa ajili ya ulevi, wakavichanganya na pombe au na unga, na mchanganyiko huo huzima pumzi za mtu usingizini. Hao khabari yao ni nyengine, lakini jambo moja washirikiana na mgonjwa wa haki: mwili uliokwisha zoea hauulizi kidonge kiliingia kwa cheti au kwa dirisha la nyuma.

Ama mazoea haya, maana yake ni nini? Katika ubongo wa mwanadamu Mwenyezi Mungu ameweka vitu viwili vinavyosukumana, kimoja cha kuamsha na kimoja cha kutuliza. Kile cha kutuliza matabibu wakiita GABA, na kazi ya vidonge hivi ni kukiongezea nguvu. Basi ikiwa kila siku ubongo watulizwa kutoka nje, nao hujirekebisha. Hupunguza utulivu wake wenyewe, na upande wa kuamsha ukazidi kusukuma ili kuleta mizani. Ni mfano wa watu wawili wausukumao mlango mmoja, huyu yu nje na huyu yu ndani, na mlango umesimama. Huyo wa nje akiondoka ghafula, yule wa ndani huanguka kifudifudi pamoja na mlango. Hivyo ndivyo ulivyo ubongo siku kidonge kinapotupwa. Na ulivyochukua miezi kujirekebisha wakati wa kuzoea, huchukua miezi kurejea.

Na haya ndiyo yampatayo aliyeacha kwa mkupuo: usingizi hukatika kabisa, mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo hudunda, mwangaza na sauti za kawaida humuudhi, mlango ukibamizwa hushtuka kama aliyepigwa, na wasiwasi humrudia mkubwa kuliko ule uliompeleka kwa daktari mara ya kwanza. Baadhi yao huona visivyokuwako na kusikia wasiosema. Na baadhi yao hupatwa na kifafa hali hawakupata kukijua maishani mwao.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo panapoangamiza watu. Dawa zipitazo mwilini upesi, kama lorazepamu na alprazolamu, dalili zake huanza kwa siku moja au mbili. Lakini diazepamu hukawia mwilini, na dalili zake huenda zisionekane ila baada ya siku kadhaa, pengine wiki nzima au zaidi. Basi watu wa nyumbani wamekwisha sahau vidonge, wao wamwona mtu wao, aliyekuwa mzima, ghafula atetemeka, hali wala halali, azungumza na ukuta, kisha aanguka akitoa povu. Watasema nini? Watasema ana jini. Ataitwa mganga, utafukizwa ubani, litaulizwa jini lataka nini, na mara nyengine mgonjwa atachapwa ili jini litoke. Na kila saa ipitayo katika upuuzi huo ni saa ambayo angelikuwa hospitali, ambako daktari angelimrejeshea dawa ile ile kwa kipimo, na tufani ikatulia.

Hatukanushi kuwako kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Twasema kwamba kabla hujamsingizia jini, ingia chumbani kwa mgonjwa utizame kando ya kitanda mna karatasi za vidonge gani, na uulize mara ya mwisho vilimezwa lini. Ukizikuta, zichukue pamoja na mgonjwa mpaka hospitali. Kumsomea Qur'ani hakukatazwi, na msomaji aweza kusoma kando ya kitanda cha hospitali kama asomavyo nyumbani.

Sasa turejee kwa yule wa barazani aliyesema kwamba kupunguza kidogo kidogo ni udhaifu wa imani. Huyu na atizame jinsi Mola wake alivyowaachisha Waarabu pombe. Haikuharamishwa kwa neno moja asubuhi moja. Kwanza ikaja aya ya Suratul-Baqara kubainisha kwamba madhara ya pombe yashinda manufaa yake. Kisha ikaja aya ya Suratun-Nisaa kuwakataza wasiikaribie sala hali wamelewa, na mwenye kusali mara tano kwa siku hujikuta hana nafasi ya kulewa ila usiku. Na mwisho kabisa, baada ya miaka, ikaja aya ya Suratul-Maida ikakata. Na Bibi Aisha (r.a.), katika hadithi iliyomo katika Bukhari, ameeleza ya kuwa lau katazo lingelikuja mwanzo watu wangelikataa kabisa kuacha. Basi ikiwa aliyewaumba wanadamu amewachukua kwa daraja, sisi ni nani tuwachukue kwa mkupuo? Wala mtu asitufahamu vibaya akadhani twasema dawa ya daktari ni kama pombe. Dawa kwa mwenye haja nayo ni halali, na Mtume (s.a.w.) ameamrisha watu wajitibu. Tunachokitafuta katika khabari hii ni mwendo wa kumwachisha mtu alichokizoea.

Kuna dalili iliyo karibu zaidi na suali letu. Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, mwenye kitabu cha Tuhfa ambacho sisi Mashafii twakitegemea, aliyekufa Makka mwaka 974 wa Hijra, aliulizwa juu ya mtu aliyezoea kula afyuni hata akafikia hadi ya kwamba asipoila atakufa. Akajibu ya kwamba ikiwa hilo lajulikana kwa yakini, basi kula kwake kile kiasi cha kumwokoa ni halali, bali ni wajibu, kama nyamafu ilivyo kwa mwenye dharura. Lakini imempasa apunguze kidogo kidogo, daraja kwa daraja, mpaka mwili usiihitaji tena wala usihisi kuondoka kwake. Na akiacha kupunguza hali aweza, huyo ana dhambi. Jawabu hili amelinukuu Ibn Abidin wa Sham, naye ni katika wakubwa wa Mahanafi. Afyuni na diazepamu si dawa moja, lakini illa ni moja, nayo ni mwili uliofungwa na kitu ambacho kukatwa kwake ghafula ni maangamizo. Angalia basi namna Sheikh huyu alivyoziba milango miwili kwa jawabu moja. Aliyesema “tupa leo” amemkataza, na aliyesema “nimekwisha zoea, niacheni” amemkataza pia.

Na yule mwenye kuwaamrisha wagonjwa watupe dawa zao, hali hakusoma utabibu, na ajue kwamba Mtume (s.a.w.) amebainisha ya kuwa mwenye kujifanya tabibu bila ya kujulikana kwa utabibu hudhamini anachokiharibu. Hadithi hii imo katika Abu Daud. Wala hakusamehewa kwa kuwa nia yake ilikuwa njema.

Tuje kwenye namna ya kuacha. Huko Newcastle, Uingereza, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi tangu mwaka 1982 mpaka 1994, na aliyoyaona kwa wagonjwa wake aliyaandika kitabu ambacho madaktari wangali wakikitumia. Msingi wake ni kupunguza polepole, kwa mwendo wa mgonjwa mwenyewe. Na mwongozo wa madaktari wa Marekani uliotoka mwaka 2025 wasema karibu na hayo: mwanzo kipimo kipunguzwe asilimia 5 mpaka 10 kila wiki mbili mpaka nne, na kisizidi kupunguzwa asilimia 25 kila wiki mbili.

Tutoe mfano ili neno lifahamike, wala si agizo la kufuatwa na kila mtu. Mtu amezoea miligramu 10 za diazepamu kila usiku. Daktari aweza kumshusha miligramu moja kila wiki mbili mpaka afike 5, na hapo zimepita wiki kumi. Tangu 5 mpaka mwisho amshushe nusu miligramu kila wiki mbili, nazo ni wiki ishirini. Jumla ni kama miezi saba. Mtu atasema, “Miezi saba!” Naam, na aliyemeza kwa miaka kumi asione miezi saba ni mingi. Na kadiri anavyokaribia chini ndivyo hatua zinavyofanywa ndogo, kwa sababu kutoka 10 kwenda 9 ni kuondoa sehemu moja ya kumi, lakini kutoka 2 kwenda 1 ni kuondoa nusu. Wengi huanguka hapo mwishoni kwa kudhani kwamba kilichobaki ni kidogo hakina neno.

Ikiwa dawa yake ni ya wepesi kupita, kama alprazolamu, daktari huenda akambadilishia kwanza kwa diazepamu. Lakini hesabu ya mabadilisho hayo mtu asijifanyie nyumbani, kwani nusu miligramu ya alprazolamu yakisiwa kuwa sawa na kama miligramu 10 za diazepamu, na mwenye kudhani kwamba miligramu ni miligramu atajidhuru. Kugawa kidonge vipande vidogo pia ni kazi ya kuulizwa mfamasia. Na wako wanaomeza leo wakaacha kesho, wakidhani wamepunguza nusu. Hao hawakupunguza. Wanautupa ubongo juu na chini kama dau katika kusi. Kipimo na kiwe kimoja kila siku mpaka siku ya kushuka. Akiona uzito baada ya kushuka, na akae hapo alipo wiki mbili au tatu zaidi. Kukaa si kushindwa. Lakini akiona mtetemeko mkubwa, au mambo yasiyokuwako, au kifafa, hilo si la kungojea miadi ya wiki ijayo, na aende hospitali saa ile ile.

Na wako ambao khabari hii haiwahusu bila ya daktari wao kusema. Mwenye kifafa anayemeza klonazepamu kwa kifafa chake, mwanamke mwenye mimba, mwenye maradhi makubwa ya akili, na anayemeza dawa za sonona au dawa nyenginezo ambazo si za jamii hii, wote hao wasiguse kitu kwa kusoma karatasi yetu. Wako pia wazee ambao daktari ataona wabaki na kipimo kidogo. Lakini wengi wao, kinyume na wadhaniavyo watoto wao, hufaidika kwa kuacha. Dawa hizi huwapumbaza wazee, huwasahaulisha, na huwaangusha usiku waendapo kutawadha, na nyonga ya mzee ikivunjika hujui kama atasimama tena.

Usingizi wenyewe nao wataka kutengezwa, maana aliyeondoa kidonge bila ya kuondoa kilichokuwa kikimkesha atarejea. Mwaka 2016 chuo cha matabibu wa Marekani kilitoa mwongozo kwamba mtu mzima asiyepata usingizi kwa muda mrefu atibiwe kwanza kwa mafunzo ya tabia na fikira, kabla ya dawa. Mengi katika mafunzo hayo hayamhitaji mtu kusafiri. Moja ni kuamka saa moja kila siku, hata ukilala vibaya. Na sisi tumepewa Alfajiri, ambayo katika pwani yetu iliyo karibu na ikweta haibadiliki sana mwaka mzima. Tatizo ni kwamba wengi huamka wakasali, kisha wakarudi kitandani mpaka saa nne, halafu usiku hulalamika. La pili, ukilala ukageuka huku na huku kama dakika ishirini, toka kitandani ukakae pahala pengine penye mwanga hafifu, na dhikri ndipo mahala pake, urejee usingizi utakapokujia. Kitanda kisizoee kuwa uwanja wa kuhesabu madeni.

Na kahawa! Twaipenda kahawa chungu ya barazani, wala hatutaki kuwavunjia watu baraza zao. Lakini mtu anywaye vikombe sita baada ya Isha, kisha akameza kidonge ili alale, huyo anajenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa wa kushoto. Na mla miraa hali yake ni hiyo hiyo na zaidi: hutafuna mpaka saa nane za usiku, macho yamekauka, kisha hutafuta kidonge cha kumshusha. Kwa huyu kuacha kidonge na kuendelea na miraa ni jambo lisilowezekana, na ni bora aambiwe mapema.

Watu wa nyumbani wana sehemu yao. Mume asimwambie mkewe, “Mbona hujamaliza tu?” Miezi hii mgonjwa huwa mwepesi wa hasira na wa machozi, na hilo ni katika dalili, halikukusudiwa. Vidonge na viwekwe na mtu mmoja mwaminifu, atoe cha siku kwa siku, na mabaki yasiachwe kwenye kabati ambalo vijana na watoto hufikia. Na mwenye kuendesha gari au bodaboda na amwulize daktari kama ni salama kuendesha hali angali akimeza.

Imebaki Ramadhani, nayo yakaribia kila mara kuliko tudhaniavyo. Mwenye kumeza mara tatu kwa siku akifunga, hukaa saa kumi na tatu na zaidi bila ya dawa, na kwa zile zipitazo upesi hiyo ni sawa na kuacha ghafula kila mchana na kurejea kila magharibi, kwa siku ishirini na tisa au thelathini. Wengine hujisifu, “Mchana nimeviacha, namshukuru Mungu,” hali mikono yawatetemeka wakishika tende. Basi mwenye kumeza dawa hizi na amwendee daktari mwezi wa Rajabu au mapema Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi, amweleze kwamba ataka kufunga. Huenda dawa yake ikabadilishwa kwa ile ikaayo mwilini muda mrefu, ikamezwa usiku peke yake, na saumu ikasihi bila ya taabu. Ikiwa daktari mwaminifu amesema mwaka huu haiwezekani, basi mgonjwa amepewa ruhusa na Qur'ani yenyewe katika Suratul-Baqara, na siku zake atazilipa akipona. Na mwezi wa Ramadhani usifanywe mwezi wa kushusha kipimo. Kula kumebadilika, kulala kumebadilika, tarawehe na daku vimekatakata usiku. Kipimo alichoingia nacho na atoke nacho, na hatua ijayo ingoje baada ya Idi, mpaka usingizi wake urejee saa zake za siku zote.